Jibu la Mwisho la Bi Nyamizi

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa, maana katika nchi yetu hakuna anayeogopa. Ni kwamba kulitaja kunahitaji ruhusa, na nikiomba ruhusa skrini ya kompyuta yangu itafifia, dirisha la kijivu litajitokeza, na nitaulizwa kama nina uhakika. Tuseme tu ni nchi nzuri, yenye milima upande mmoja na Wizara ya Ridhaa pande zote zilizobaki.

Wizara ya Ridhaa ndiyo fahari yetu. Huko kwa majirani zetu watu hukamatwa, hupekuliwa na kuhamishwa bila kuulizwa neno. Kwetu hakuna ushenzi wa namna hiyo. Kwetu mtu huulizwa kwanza.

Mambo yalianza kwa nia njema kabisa. Zamani kompyuta za nyumbani zilikuwa zikiuliza mara mojamoja, pale programu ngeni inapotaka kuingia: unairuhusu au huiruhusu? Basi. Programu uliyoizoea ilifunguka yenyewe, ukamaliza kazi yako, ukaenda zako kula. Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Chilongani, aliliona jambo hilo akakosa raha. Akaja redioni na sauti ya mtu aliyefiwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mgeni anajulikana ni mgeni, kwa hiyo mnamwangalia. Lakini programu mnayoiamini, nani anaiangalia? Imekaa humo ndani miaka yote. Inajua mnamwandikia nani. Inajua mnachofuta baada ya kuandika. Serikali yenu haiwezi kupata usingizi huku wananchi wake wanaaminiana ovyo! Kuanzia Jumatatu, kila kinachoaminika kitaulizwa mara mbili ya kisichoaminika. Na kwa kuwa sisi si madikteta, mtakaojibu ni nyinyi wenyewe."

Tulipiga makofi, hata wale tuliokuwa peke yetu chumbani na redio.

Jumatatu ikafika. Ukifungua programu ya kuandikia barua, skrini inafifia: Je, unairuhusu? Ndiyo. Una uhakika? Ndiyo. Ukitaka kuichapa barua yenyewe: Je, unaruhusu karatasi itoke? Ukichoka ukataka kuifunga: Je, unaruhusu programu ijifunge? Na chini ya kila swali kulikuwa na saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma, kwa sababu mtu akichelewa kujibu huhesabiwa kuwa anafikiri.

Hapo ndipo mimi nilipopata cheo. Nikateuliwa balozi wa skrini kumi, yaani nyumba kumi za mtaani kwetu zenye kompyuta ziliwekwa chini yangu, nami nikapewa jukumu la kuhakikisha wenyewe wanajibu kwa wakati na kwa moyo mkunjufu. Mshahara hakuna, ila nina kofia.

*

Katika skrini zangu kumi, moja ilikuwa ya Bi Nyamizi. Huyu ni mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu. Asubuhi alikaanga maandazi ya kuuza, mchana alitengeneza kadi za harusi kwa kompyuta iliyokuwa sebuleni, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Programu ya kutengenezea hizo kadi hakuinunua popote. Alitengenezewa na mwanawe wa pekee, Lubango, kijana anayejua kompyuta kuliko anavyojua kutandika kitanda chake. Aliipa jina la Kadi Njema, akaiwekea herufi kubwa kwa sababu macho ya mama yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Bi Nyamizi alipoifungua Jumatatu ile, dirisha la kijivu likamwambia: Mtengenezaji wa programu hii hajulikani. Je, unairuhusu?

Alicheka mpaka akaniita nikashuhudie. "Balozi, njoo usome mwenyewe! Eti hajulikani! Na yuko jikoni anamaliza maandazi ya watu!"

"Yalikuwa yameungua hayo, mama," Lubango alijitetea mdomo ukiwa umejaa.

Kicheko hakikudumu. Kadi moja ilikuwa na maswali kwa kila ua, kwa kila pambo, kwa jina la bwana harusi na kwa jina la bibi harusi, na kila mara lile neno likarudi, mtengenezaji hajulikani. Kuna maharusi wa mtaa wa pili walipata kadi zao za mwaliko wakati bibi harusi anashona nguo za mtoto.

Lakini watu wetu ni wepesi wa kuzoea. Vidole vilijifunza kwenda kwenye Ndiyo vyenyewe, macho yakiwa kwingine. Kisha ikazuka desturi ya kubonyezeana. Ukiwa na kazi mikononi na skrini imefifia, unamwita yeyote aliye karibu, "Nibonyezee!" Naye anaingia, anabonyeza Ndiyo, anakwenda zake. Hasomi. Kusoma swali la mwenzako kulihesabiwa kuwa ni umbea, na kukataa kumbonyezea kulikuwa sawa na kumnyima chumvi. Padri wetu alilalamika kuwa siku hizi maharusi wanajibu ndiyo kabla hajafika kwenye jina la mume. Mimi sikuona ubaya, kwani ndoa zilikuwa zinafungwa haraka.

Bi Nyamizi ndiye aliyechoka. "Balozi," aliniambia siku moja, "nipeleke huko Wizarani. Waijue programu yangu, waniache nifanye kazi."

Nilifurahi sana. Mwananchi anapoomba mwenyewe kujulikana, balozi wake hupata sifa.

*

Ofisi ya Kuaminika iko ghorofa ya chini ya Wizara. Alitupokea Afisa Mlelwa, kijana mpole mwenye suti ya kijivu, akamvutia Bi Nyamizi kiti kwa mikono yake mwenyewe.

"Shikamoo mama. Programu yako hatuna ugomvi nayo hata kidogo. Tatizo ni huyo mtengenezaji asiyejulikana. Akijulikana tu, mambo yamekwisha."

"Marahaba mwanangu. Mbona anajulikana? Ni mtoto wangu wa kumzaa."

"Jina lake?"

"Lubango. Nakaa naye nyumba moja. Hata sasa hivi yupo, si mtu wa kutangatanga huyo."

Afisa Mlelwa aliingiza maneno hayo kwenye kompyuta yake kwa heshima kubwa. "Ahsante sana, mama. Umelisaidia taifa."

"Kwa hiyo haitaniuliza tena?"

"Itakuuliza mara moja tu."

Akampa peremende. Njia nzima Bi Nyamizi alikuwa akiimba, nami nikamsaidia kuitikia.

*

Swali lilikuja asubuhi, nikiwa pale kwake nakunywa chai. Bi Nyamizi alikuwa anakanda unga, mikono imezama hadi vifundoni. Lubango alikuwa ameegemea meza ya kompyuta, anaongea na rafiki yake kwenye simu. Skrini ikafifia.

"Lubango, nibonyezee mwanangu, nina unga mikononi!"

Lubango hakuacha hata kuongea. Alinyoosha mkono, akabonyeza Ndiyo. Likaja la kama ana uhakika, akabonyeza Ndiyo tena. "Tayari, mama." Niliuona wepesi ule kwa macho yangu nikajisemea moyoni kwamba hivi ndivyo raia anavyotakiwa kuwa.

Unga haujaumuka wakafika. Walikuwa vijana wawili wa Wizara, wenye adabu, wakavua viatu mlangoni.

"Tunashukuru kwa kuturuhusu, mama," alisema mmoja.

"Karibuni, wanangu. Nimewaruhusu nini?"

Wakamwonyesha kwenye kibao chao cha kioo. Bi Nyamizi alisoma polepole, midomo ikicheza: Mtengenezaji Lubango amejulikana na anahitaji kuthibitishwa. Je, unaruhusu achukuliwe? Na chini yake, Ndiyo mbili.

Alimtazama mwanawe. Lubango alikuwa bado ameshika simu, na rafiki yake alikuwa bado anaongea humo ndani.

"Mama, ni mimi niliyebonyeza."

"Ni mimi niliyekutuma," alisema Bi Nyamizi. "Ni mimi niliyekwenda kukutaja."

"Ni uthibitisho tu mama. Nitarudi."

Mama yake alimfungia maandazi ya jana kwenye gazeti. Kijana mmoja wa Wizara aliomba andazi naye akapewa, kwa sababu aliomba.

*

Siku ya pili yake nilimsindikiza tena Bi Nyamizi kwa Afisa Mlelwa. Akavutiwa kiti kilekile.

"Tuanze na hili, mama. Kidole kilichobonyeza ni cha nani?"

"Cha mwanangu. Mimi nilikuwa na unga."

Afisa alisikitika. "Aa. Hapo kuna kosa la mtu asiyethibitishwa kujiruhusu mwenyewe. Hilo ni kubwa, mama, sitaki kukudanganya. Au umesahau? Labda kilikuwa chako?"

Bi Nyamizi alinitazama. Mimi nikaitazama dari, maana balozi hatakiwi kuegemea upande.

"Kilikuwa changu," alisema.

"Basi hakuna tatizo lolote. Umeruhusu mwenyewe."

"Na sasa nimebadili mawazo. Kompyuta ni yangu, nyumba ni yangu, mtoto ni wangu."

"Kompyuta ni yako, mama, hilo hatubishani. Ila kwenye hiyo kompyuta wewe ni mtumiaji. Kubadili mawazo ni kazi ya msimamizi."

"Nipeleke basi kwa huyo msimamizi."

"Hajulikani," alisema Afisa Mlelwa, wala hakucheka.

Hapo Bi Nyamizi alilia. Afisa alimpa peremende nyingine, akamweleza kwa upole kuwa mambo si mabaya hivyo. Lubango akishathibitishwa, swali litakuja lenyewe kwenye skrini ya nyumbani: Je, unaruhusu arudi? Mama akijibu Ndiyo, mtoto ataletwa hadi mlangoni. "Hatumrudishi mtu kwa mtu asiyemtaka," alisema. "Siku yenyewe siwezi kukuahidi. Wewe soma tu maswali yako vizuri."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya hatari, ila nadhani yalimponyoka.

*

Kuanzia hapo Bi Nyamizi akawa anasoma. Alihamisha jiko la mkaa karibu na mlango wa sebuleni ili aone skrini akiwa anakaanga. Ikififia, alifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akasoma swali zima mpaka nukta yake. Kama halikuwa la Lubango, alibonyeza Hapana.

"Balozi, sikiliza hili," aliniita. "Je, unaruhusu kisima cha mtaa wako kitumiwe na ng'ombe wa Mheshimiwa peke yao? Unajua wewe umejibu nini?"

Niliziba masikio. Lakini nilikumbuka kuwa kisima chetu kilizungushiwa ua tangu wiki iliyopita, nasi tulidhani kinafanyiwa usafi.

"Na hili je? Je, unaruhusu Mheshimiwa aendelee kuwa Waziri mpaka atakapochoka? Na hili la shule?"

"Bi Nyamizi, mimi nina kazi," nilisema, nikaondoka. Sikuwa na kazi.

Simu ya Wizara ikanifuata. "Balozi, kwenye skrini zako kuna Hapana. Nchi nzima ziko hapo tu. Mheshimiwa anauliza, huyo mwananchi kipanya chake ni kibovu?" Niliona aibu hata nikataka kuivua kofia. Nikaenda kumsihi Bi Nyamizi abonyeze walau Ndiyo chache, kwa adabu tu, watu wasituseme.

"Nitabonyeza moja, balozi," alinijibu bila kuondoa macho kwenye skrini. "Ile yake."

Alikuwa amekonda. Maandazi yake yalikuwa yanaungua kila siku na hakukuwa na mtu wa kuyala.

*

Kisha ikaja neema. Mheshimiwa Dakta Mhandisi Chilongani alirudi redioni, safari hii akiwa na ngoma nyuma yake.

"Ndugu wananchi, tumesikia kilio chenu. Mmechoka kuulizwa! Serikali gani inayowachosha watu wake? Kuanzia Ijumaa, chini ya kila dirisha mtaona kisanduku kidogo kilichoandikwa: Usiniulize tena. Kitieni tiki. Kompyuta italikumbuka jibu lako la mwisho, na hilo ndilo litakalotumika kwa maswali yote yajayo, makubwa na madogo, mpaka mwisho wa maisha yako. Jibu lenu la mwisho sote tunalijua, na ni zuri! Mabalozi wawasaidie wazee. Atakayekamilisha skrini zake mapema atapewa mfuko wa sukari."

Ijumaa watu walicheza barabarani. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikapokewa kwa vigelegele na chai, na kila nilipotia tiki, skrini ilitulia ikawa safi kabisa.

Kwa Bi Nyamizi nilipiga hodi, pakawa kimya. Alikuwa amekwenda getini Wizarani kumpelekea Lubango sweta, maana baridi ilikuwa imeanza. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, kama milango yetu yote. Skrini ilikuwa inawaka. Kwa desturi yetu sikusoma, ingawa macho yalipita juujuu: kulikuwa na swali kama anaruhusu picha ya Mheshimiwa ikae kwenye kompyuta yake, na chini yake jibu, Hapana. Na chini zaidi kile kisanduku, kitupu.

Nilimwonea huruma. Mwanamke wa watu macho yamekuwa mekundu kwa kuukodolea macho ule mwanga. Na mimi ni jirani yake, nimekula maandazi yake miaka mingi. Nikambonyezea kile kisanduku. Kengele ndogo ikalia, nzuri sana.

*

Jioni ile aliniita. Hakupaza sauti kama kawaida yake.

"Balozi, mbona haiulizi?"

"Furahi, mama. Hatuulizwi tena."

"Nani amesema mimi sitaki kuulizwa?"

Nilimweleza kuhusu kile kisanduku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea kwenye kompyuta akajaribu kufungua Kadi Njema. Haikuuliza. Haikufunguka pia. Akajaribu tena, na tena. Kisha akajaribu kuiondoa ile tiki, na likaja dirisha moja fupi: Wasiliana na msimamizi wako.

Alifunga kanga kiunoni akaenda Wizarani kwa miguu. Alikuta pamefungwa kwa ajili ya sherehe, na palibaki pamefungwa wiki nzima, maana furaha ilikuwa kubwa.

Siku Wizara ilipofunguliwa, kabla hata hajamaliza kujitanda aende tena, gari la kijivu lilisimama mbele ya nyumba yake. Mimi nilikuwa barazani kwangu, nikaona yote. Afisa Mlelwa alishuka mbele. Nyuma alikaa Lubango, amepungua, nywele zimekatwa, na shingoni amevalishwa kadi yenye mhuri: Amethibitishwa. Alikuwa amevaa lile sweta. Alimwona mama yake dirishani akainua mkono.

Bi Nyamizi alitoka mbio bila viatu.

"Subiri kidogo, mama," Afisa Mlelwa alimzuia kwa upole, huku akitabasamu. "Ni swali moja tu la utaratibu, halafu mkumbatiane." Akabonyeza kibao chake cha kioo. Haikupita hata pumzi moja. Tabasamu likamtoka.

"Mama, umekataa."

"Nimekataa nini? Nipo hapa mbele yako! Ndiyo! Ndiyo, baba, ndiyo!"

"Nakusikia, mama. Lakini mdomo hatuna mahali pa kuuingiza." Alibonyeza tena, nadhani kwa huruma yake mwenyewe, maana utaratibu hautaki hivyo. Alibonyeza mara kadhaa. "Inasema Hapana."

"Ndiyo!" Bi Nyamizi alishika mlango wa gari. "Niulize mimi! Niulize!"

Lubango alikuwa ameshusha kioo kidogo. Alikuwa ameisikia ile Hapana ya afisa, na hakuwa amesikia habari za kisanduku huko alikokuwa.

"Mama," alisema, "nimekukosea nini?"

Gari likaondoka na jibu lake likabaki barabarani, maana Bi Nyamizi alikuwa akiendelea kusema ndiyo hata lilipokwisha kukata kona. Majirani walitoka kumwinua. Kila mmoja alikuwa akimbembeleza kwa neno lilelile tulilolizoea, ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka akaziba masikio.

*

Nchi yetu sasa imetulia sana. Hakuna skrini inayofifia. Mambo yanaruhusiwa kabla hata hatujayasikia, na Wizara imeripoti kwamba ridhaa imekamilika kila mahali, isipokuwa nyumba moja ambayo mwenyewe ni mkaidi kiasi cha kumkataa mwanawe wa kumzaa. Hivyo ndivyo lilivyoandikwa, nami sikuona mahali pa kulirekebisha.

Mfuko wangu wa sukari ulifika juzi. Nilifikiri vizuri nikaona nimgawie Bi Nyamizi, kwa kuwa hakaangi tena na moshi wa jiko lake sijauona siku nyingi. Nikapima kilo moja, nikavaa kofia yangu, nikaenda kusimama mlangoni kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, jambo ambalo mtaani kwetu halijapata kuonekana.

"Hodi," nilisema.

Zamani alikuwa akijibu "karibu" kabla sijamaliza neno. Safari hii nilisikia tu kiti kikisogea mbele ya kompyuta, nikajua kuwa yupo.

"Ni mimi, balozi wako. Nimekuletea sukari. Unaruhusu niingie?"

"Hapana."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika nchi yetu kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtu kama jibu lake mwenyewe. Halikuwa na kelele. Nilitaka kumuuliza kama ana uhakika, lakini nikabaki nimesimama pale mlangoni na sukari yangu mkononi.